Maswali ya Wasomaji: Mashine inasoma P0420, je, masega yamekufa?

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Nina Toyota Premio ya 2003, injini 1ZZ, cc 1800. Taa ya cheki injini inawaka na mashine inasoma P0420. Fundi wa kwanza alibadilisha sensa ya oksijeni ya nyuma, akafuta, taa ikazima. Haikupita wiki ikarudi. Fundi wa pili anasema nimwachie ayatoe masega, aweke bomba tupu, na kazi hiyo ataifanya bure. Gari inavuta vizuri, moshi siuoni, ila oili naongezea kidogo kidogo. Nifanyeje?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: P0420 ni namba ya hitilafu ambayo kompyuta ya gari huitoa ikiona masega (kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la ekzosi) hayafanyi kazi vya kutosha. Kwanza, masega usimwachie. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wa masega chakavu wanapita magerejini kila siku. Hiyo "bure" unailipa wewe bila kujua. Halafu taa yenyewe haitazima: ukiweka bomba tupu, sensa ya nyuma itanusa moshi ule ule unaonuswa na ya mbele, na hicho ndicho kitu chenyewe P0420 inacholalamikia.

Sasa tuje kwenye tatizo. Gari halina kifaa kinachopima sumu ya moshi. Lina sensa moja kabla ya masega na nyingine baada yake. Ndani ya masega, pamoja na madini tuliyoyataja, kuna seriamu, ambayo huhifadhi oksijeni moshi unapokuwa na ziada na kuiachia inapopungua. Masega yakiwa mazima, moshi unafika nyuma umetulia. Seriamu ikichoka, mawimbi ya mbele yanapenya mpaka nyuma, na kompyuta ikiyaona katika safari mbili zinazofuatana inawasha taa. Kwa hiyo sensa ya nyuma ni shahidi tu, na kumbadilisha shahidi hakubadilishi kilichotokea. Sensa hiyo ikifa yenyewe huwa na namba zake, kama P0136 au P0141 ya hita. Kama hizo hazikuwepo, pesa ya sensa ilienda bure.

Fanya hivi kwa mpangilio, na usikubali mtu afute chochote kabla ya kusoma. Mwambie fundi asome namba zote, pamoja na kumbukumbu ya hali ya injini wakati taa ilipowaka: joto la maji, mizunguko, mwendo. Kama kuna P0300 hadi P0304 (injini inamisi, yaani silinda inashindwa kuchoma mafuta), P0171 (hewa nyingi) au P0172 (mafuta mengi), hizo zitangulie. P0420 iache ya mwisho, kwa sababu mara nyingi ni tokeo la hizo.

Pili, injini ikiwa imepata moto, maji yamepita nyuzi 80, fungua ukurasa wenye STFT na LTFT, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, ya muda mfupi na ya muda mrefu. Jumlisha hizo mbili gari likiwa sailensi (injini inawaka bila kukanyagwa), kisha tena ukilishikilia kwenye mizunguko 2500. Ndani ya asilimia 5 juu au chini ni vizuri kabisa, na hadi 10 inavumilika. Ikifika 15 au 20 upande wa kuongeza, tafuta hewa inayoingia kwa wizi kwenye mpira wa intake (njia ya hewa ya kuingia injini), sensa ya hewa iliyochafuka, au pampu ya mafuta iliyochoka. Ikiwa upande wa kupunguza, angalia nozeli zinazovuja na presha ya mafuta. Jambo moja huwachanganya wengi: hewa nyingi inayoonekana sailensi na kutoweka kwenye 2500 huwa ni mpira au gasketi ya intake. Inayozidi kadiri unavyokanyaga huwa ni upungufu wa mafuta.

Tatu, na hapa ndipo watu wengi wanaparuka, tafuta mvujo wa ekzosi. Watu hudhani ekzosi inayovuja inatoa moshi nje tu. Hapana, moshi unatoka kwa mapigo, na katikati ya pigo na pigo bomba hunyonya hewa ya nje. Hewa hiyo ikifika kwenye sensa, volti zinashuka na kompyuta inadhani masega hayafanyi kazi. Asubuhi, gari likiwa baridi, washa na usikilize kwenye manifoldi (bomba linalokusanya moshi kutoka silinda): sauti ya tik-tik inayopungua chuma kikipata moto ni ufa unaojifunga. Kwenye 1ZZ ufa wa manifoldi si jambo geni. Kisha ingia chini uangalie kiungo cha bomba la mbele chenye gasketi ya mviringo na bolti mbili za springi. Springi zikivunjika au gasketi ikilika, utaona masizi meusi pembeni ya kiungo. Mtu akiziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kizito sekunde chache tu, wewe chini utasikia panapopumua. Povu la sabuni nalo linasaidia, ila lipake chuma kikiwa baridi.

Nne ndiyo hukumu yenyewe. Endesha dakika 15 hadi 20 barabarani, si foleni, ili masega yapate moto sawasawa, kwani chini ya nyuzi 250 au 300 hayajaanza hata kufanya kazi. Simama, shikilia mizunguko 2500 kwa dakika mbili, na uangalie grafu ya sensa ya nyuma, ile iliyoandikwa B1S2 (benki ya 1, yaani safu ya kwanza ya silinda, sensa ya 2). Ikitulia kati ya volti 0.6 na 0.8, ikisogea polepole tu, masega ni mazima na taa imeletwa na kitu kingine. Ikiruka kutoka 0.1 hadi 0.9 na kurudi, haraka haraka, masega yamechoka. Usihukumu gari likiwa sailensi muda mrefu, maana masega yanapoa na hata yaliyo mazima huanza kucheza.

Ukitaka kujua kama sensa yenyewe iko hai, kanyaga ghafla: lazima ipande juu ya 0.8. Kisha achia mguu gari likiwa kwenye mwendo, mafuta yakatike: lazima ishuke hadi karibu na sifuri. Na hapo angalia kitu kimoja zaidi. Masega mazima huchelewesha huko kushuka kwa sekunde kadhaa kwa sababu yanameza oksijeni kwanza, yaliyokufa hushusha papo hapo.

Sensa ya mbele usiilinganishe kwa macho bila kujua ni ya aina gani. Ya zamani hucheza 0.1 hadi 0.9. Ile ya uwiano wa hewa na mafuta, ambayo Toyota nyingi zinayo, haichezi hivyo: kwenye mashine ya Toyota inakaa karibu na volti 3.3. Kuna mafundi wanaoiona imetulia wakasema imekufa, wakaiuzia gari sensa ambayo haikuhitajika, na hiyo ni ghali kuliko ya nyuma.

Kipimajoto cha miale hakitoshi. Ndiyo, sehemu ya kutokea ikiwa na moto kuliko ya kuingilia ni dalili nzuri. Lakini injini inayochoma vizuri huacha taka kidogo ya kuunguza, na tofauti inaweza kuwa ndogo hata kwenye masega mazima.

Tukirudi kwenye oili. Umesema unaongezea "kidogo kidogo", na tunashuku jibu lako liko hapo. 1ZZ za mwanzo zinajulikana kwa kula oili kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo na huziba, ringi zinaganda. Fosforasi iliyomo kwenye oili hupaka madini ya masega na kuyafunika. Si lazima uone moshi, kwa kuwa masega yenyewe yalikuwa yanauficha. Pima hivi: jaza hadi alama ya juu, tembea kilomita 1000, pima tena mahali tambarare injini ikiwa imezimwa kwa dakika kumi. Ikipungua lita moja au zaidi, masega mapya nayo yatakufa. Shughulikia ringi kwanza, au angalau vali ya PCV (inayorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye intake), ambayo ni kitu cha bei ndogo na husahaulika. Chomoa plagi pia. Yenye ukoko mweupe au mweusi wenye mafuta itakuonyesha silinda inayokula, na pengo la plagi za 1ZZ ni mm 1.1. Maji ya rejeta yakipungua bila kuvuja nje, shuku gasketi ya silinda hedi. Kemikali za kulanti (dawa ya maji ya rejeta) nazo huua masega na sensa.

Yakithibitika yamekufa, una njia mbili. Ya bei rahisi ya kuchomelea, isiyo ya gari maalumu, huwa na madini kidogo. Baadhi yake hazimalizi mwaka kabla P0420 haijarudi. Ya mtumba kutoka Japani tunaipendelea, mradi uikague dukani: ingiza tochi uone tundu zote ziko wazi na hazijayeyuka, itikise isilie, na ganda la nje lisiwe na rangi ya bluu au zambarau inayoonyesha lilipata joto la kupindukia. Unapofunga weka gasketi mpya, na springi mpya kama za zamani zimelegea. Sensa ina uzi wa M18 na inakazwa karibu Nm 44. Grisi ya kuzuia kuganda ipakwe kwenye uzi peke yake, isiguse ncha. Silikoni yoyote kwenye viungo vya ekzosi kabla ya sensa ya nyuma ni marufuku, mvuke wake unaua sensa.

SWALI: Salaam aleikum. Kuna dawa inauzwa ya kumimina kwenye tangi, wanasema inasafisha masega. Wengine wanashauri thina ya rangi, lita chache kwenye tangi la petroli. Je, ni kweli?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Waaleikum salaam. Dawa nzuri ya mafuta inaweza kusafisha nozeli, na nozeli safi zitapunguza kazi ya masega. Hapo ndipo mwisho wake. Masizi ya kawaida yanaungua yenyewe kwa safari ndefu ya barabara kuu. Fosforasi ya oili haiungui, udongo wa masega ulioyeyuka haurudi, na seriamu iliyochakaa haifufuki kwa kumiminiwa kitu. Thina achana nayo kabisa: inashambulia mipira na sili za mfumo wa mafuta, na pampu iliyomo ndani ya tangi ndiyo huoga humo. Wanaosema taa ilizima baada ya thina walikuwa wamefuta namba, au wamefanya safari ndefu ambayo ingesaidia hata bila thina.

SWALI: Mafundi, X-Trail yangu ya T30 ikifika Kitonga inakataa kupanda. Gia ya pili nakanyaga hadi mwisho, mizunguko haivuki 3000. Tambarare inakwenda, ila kama mtu ameishika nyuma. Mashine haisomi namba yoyote. Usiku nimeona chini kuna chuma chekundu. Kuna harufu ya mayai viza.
*Msomaji, Iringa*

JIBU: Hayo ni masega yaliyoziba, na umetusaidia kwa kutaja chuma chekundu. Wasomaji wengi huchanganya mambo haya mawili. P0420 ni masega yasiyosafisha, moshi unapita vizuri. Kuziba ni moshi kushindwa kutoka, na kompyuta inaweza isione chochote. Gari moja linaweza kuwa na vyote viwili, au kimoja tu.

Thibitisha kwa kipimo. Fungua sensa ya mbele kwa spana ya mm 22, funga geji ya presha kwenye tundu hilo, washa. Sailensi isizidi psi 1.5. Kwenye mizunguko 2500 isizidi psi 3 hivi. Ikipanda hadi 5, 6 au zaidi na kuendelea kupanda ukishikilia, njia imeziba. Kama fundi hana geji hiyo lakini ana ya vakyumu ya intake, aiunge, ashikilie 2500: vakyumu ikishuka polepole badala ya kutulia, jibu ni lile lile.

Injini za familia ya QR, zinazofungwa kwenye X-Trail ya T30, zina masega ya kwanza ndani ya manifoldi, karibu kabisa na silinda hedi. Yakianza kumeguka, vumbi lake la udongo mgumu linaweza kunyonywa kurudi ndani ya silinda na kukwangua kuta. Ndiyo maana X-Trail inayoziba na kuanza kula oili kwa wakati mmoja tunaiangalia kwa wasiwasi. Pima kompresheni ya silinda zote nne kabla ya kununua masega. Kama moja iko chini sana, hesabu yako inabadilika. Na masega ya kwanza yaliyomeguka hayazibi manifoldi peke yake, vipande husukumwa hadi kwenye ya pili chini ya gari, kwa hiyo kagua yote mawili.

Kilichoyeyusha masega mara nyingi ni kumisi. Koili moja (inayoipa plagi cheche) ikifa, petroli mbichi inakwenda kuungulia ndani ya masega, na joto linapita nyuzi 1000. Badilisha koili na plagi kwanza. Harufu ya mayai viza ni salfa ya mafuta inayogeuzwa kuwa gesi. Ikiwa ya kila wakati, injini inapata mafuta mengi mno.

Mpaka litengenezwe, usiegeshe kwenye majani makavu. Chuma chekundu kinawasha moto.

SWALI: Mark X yangu inaonyesha P0430 peke yake. Fundi anasema nibadilishe pande zote mbili. Ni lazima?
*Msomaji, Nairobi*

JIBU: Si lazima, na P0430 peke yake ni bahati, kwa sababu una upande wa pili wa kulinganishia. P0430 ni lalamiko lile lile la P0420, ila la benki ya 2, safu ya pili ya silinda. Kwenye Mark X yenye injini ya V6, benki ya 1 ni ya silinda 1, 3 na 5, upande wa dereva, na ya 2 ni upande wa abiria. Kwa wenye Harrier ya V6 iliyolala kwa upana, benki ya 1 ni ile ya nyuma, karibu na ukuta wa kabini.

Fungua grafu za B1S2 na B2S2 pamoja. Moja ikitulia na nyingine ikiruka, jiulize upande ule una nini ambacho mwenzake hana: mvujo wa gasketi ya manifoldi, koili inayomisi ya silinda 2, 4 au 6, au nozeli inayovuja. Kama zote zinaanza kuruka ila moja imetangulia, basi ni umri au oili, na fundi wako anaweza kuwa na hoja.

SWALI: Taa ya cheki injini ikipepesa badala ya kuwaka moja kwa moja ina maana gani? Naweza kuendelea kwenda kazini?
*Msomaji, Kigali*

JIBU: Ikipepesa, injini inamisi kiasi cha kuunguza masega wakati huo huo. Punguza mwendo, usikanyage sana, tafuta pa kusimama. Dakika chache za kumisi kwa nguvu zinaweza kuharibu masega yaliyokuwa mazima. Ikiwaka moja kwa moja na gari halina mabadiliko, fika kazini, upime jioni.

SWALI: Ndugu zangu, nipo Dallas, Marekani. Toyota Camry 2007, injini 2AZ ya lita 2.4, maili 160,000. P0420. Duka la vipuri limenipa masega ya bei rahisi. Ukaguzi wa moshi ni mwezi ujao. Kuna haja ya kujali chapa? Na kuna kifaa cha kusogeza sensa ya nyuma nje, wanasema kinazima taa.
*Msomaji*

JIBU: Kifaa hicho kinadanganya kompyuta, na sheria ya shirikisho huko inakataza kuchezea vifaa vya moshi. Pia hakitibu chochote.

Kabla ya masega, pima oili. Injini ya 2AZ ya Camry za 2007 hadi 2009 inajulikana kwa ringi zinazoganda, na Toyota iliwahi kutoa dhamana ya ziada ya pistoni, ambayo muda wake umepita. Kipimo walichotumia kilikuwa kwoti moja (chini kidogo ya lita) kwa maili 1200. Injini ikila zaidi ya hapo, masega mapya ni ya muda tu. Dhamana ya shirikisho ya masega ya kiwandani ni miaka 8 au maili 80,000, nayo umeshaivuka. Masega mbadala yanayokubalika kisheria huja na dhamana ya maili 25,000 ya utendaji, kwa hiyo tunza risiti na kadi yake. Ukihamia California au New York, huko wanataka yaliyoidhinishwa na California, yenye namba ya idhini iliyogongwa kwenye ganda. Yanagharimu zaidi kwa sababu yana madini zaidi, na kwa maoni yetu yanafaa hata huko Texas ukikusudia kukaa na gari.

Kuhusu ukaguzi: usifute namba siku moja kabla. Kompyuta inahitaji kukamilisha majaribio yake, na yakiwa hayajakamilika gari linarudishwa. Anza asubuhi injini ikiwa baridi, endesha mjini dakika kadhaa, kisha barabara kuu maili 45 hadi 60 kwa saa kwa dakika 10 hadi 15 bila kukanyaga ghafla, na uachie mguu mara chache gari lipungue lenyewe. Tangi liwe kati ya robo na robo tatu, maana jaribio la mvuke wa mafuta halifanyiki likiwa tupu wala limejaa. Rudia siku mbili tatu, kisha chomeka kisomaji chako na uangalie mstari wa masega umeandika "tayari" kabla hujaenda kupanga foleni.